Kichwa kinachokuja na mbalamwezi, wakuu hiki ni kitu gani?

MamaSado (Kibirizi, Kigoma)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naandika mwanga wa simu nimeupunguza mpaka mwisho, mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Mimi nauza dagaa hapa Kibirizi. Nina miaka 34, watoto wawili. Kazi yetu wanaoijua wanaijua: usiku ukiwa wa giza wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, na mimi saa kumi na moja alfajiri niko mchangani nasubiri mitumbwi. Nanunua, naanika, nageuza, nafunga viroba, lori linaondoka. Mbalamwezi ikikomaa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika karibu wiki nzima na sisi tunapumzika nao. Sasa shida yangu iko hapo hapo. Wiki ya kupumzika ndiyo wiki ya kichwa.

Kinaanza kwa miayo. Napiga miayo mpaka watoto wananicheka, na nasikia hamu ya chumvi. Halafu, si kila mara, pembeni mwa macho kinatokea kijimstari kama meno ya msumeno, kinametameta kama dagaa mbichi kwenye jua, kinatanuka polepole. Mara ya mwisho nilikuwa nahesabu noti za elfu tano, nikawa naona nusu ya noti, nusu nyingine hakuna. Dakika 20 hivi kikapotea. Ndipo panja la kushoto likaanza kupwita, pwi, pwi, pwi, kwa mapigo ya moyo kabisa. Nikiinama kuokota kitu ndiyo nakoma. Mwanangu akiburuta ndoo sakafuni naona amenipitishia bati kichwani. Na harufu ya dagaa, ambayo siku zote kwangu ni harufu ya pesa, siku hiyo inanitapisha. Nafunga dirisha kwa kanga mbili, nalala gizani siku nzima, mara nyingine na ya pili yake.

Kuna kichwa cha pili. Hicho kipo karibu kila siku. Hakipwiti, kinabana, kama mtu amekufunga kilemba akakaza na fundo akalipeleka kisogoni. Pande zote mbili, kinashuka mpaka shingoni. Hakinilazi, nafanya nacho kazi, nakituliza kwa vile vidonge vya pakiti vya mchanganyiko. Viwili asubuhi, siku mbaya na viwili jioni. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti nikasema sasa nitapumzika. Wapi. Ada ya shule inakuja, hela haiingii, kilemba hakivuliwi.

Mwaka huu pekee nimemeza dawa mseto mara 5. Kipimo cha malaria kilisoma mara 2, hizo nyingine 3 nilimeza kwa kukisia. Presha nimepima, 118 kwa 76. Miwani nimeambiwa sihitaji. Mama mkwe anasema ni kipandauso, na kwa kuwa kinafuata mwezi basi kuna na jini la ziwa ndani yake, anataka nichanjwe chale kwenye mapanja kama alivyochanjwa yeye. Anazo tatu kila upande, zimefifia.

Naombeni wajuzi: huu ni ugonjwa mmoja au miwili? Na mwezi unahusikaje?

---

Mwana_Bangwe

Dada pima malaria. Kigoma hii kichwa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo.

---

BintiUjiji

@Mwana_Bangwe mbona kasema kapima? Soma mada kwanza ndugu yangu.

Da MamaSado, bibi yangu pia alikuwa nacho. Alikuwa anajifunga kitambaa kichwani anakaza mpaka macho yanavutika, anakaa chumba cha uani, na hatusogei. Sisi watoto tulikuwa tunakiita "mgeni wa bibi". Alikuwa akisema akikifunga kinapungua. Sina ushauri, nimekuja kukupa pole na kusubiri wanaojua.

---

TabibuMstaafu (Kasulu)

Mwanangu MamaSado, pole. Nimestaafu utabibu, zahanati za huku Kasulu na Kibondo nimezikalia miaka mingi kuliko nilivyokaa kwangu, na wa kichwa hakukosekana hata siku moja.

Nianze na mama mkwe wako. Jina amelipatia, dawa amekosea. Hicho cha panja ni kipandauso, na umekieleza vizuri kuliko nilivyosomeshwa: upande mmoja, kinapwita, ukiinama kinazidi, kichefuchefu, mwanga na kelele havivumiliki. Bila dawa kinakaa kuanzia saa 4 hadi siku 3. Yale meno ya msumeno ni ishara zinazotangulia. Si wote wenye kipandauso wanaziona, ni sehemu ndogo tu. Siku ikitokea tena, fumba jicho moja halafu lingine. Utakuta unakiona kwa yote mawili, kwa sababu kitu chenyewe hakiko jichoni. Ni wimbi linalotambaa polepole juu ya ubongo, huko kisogoni tunakopokelea picha. Ndiyo maana na wewe umekiona kinatanuka polepole. Kiharusi huwa hakitambai, kinakata ghafla.

Chale usikubali. Wembe wa kuzungushwa ndio ninaouogopa, kwa Virusi vya Ukimwi na kwa homa ya ini. Kipandauso hakitaondoka, na unaweza kurudi na kingine.

Hicho cha kilemba ni ugonjwa wa pili, kichwa cha mkazo. Ndicho kilicho kingi kuliko vyote duniani. Hakitapishi, ukitembea hakizidi, na kinaweza kukaa nusu saa au wiki. Shingo iliyoinamia chanja kutwa, usingizi mfupi, mawazo ya ada, vyote vinakilisha.

Lakini, mwanangu, cha kwako nina mashaka kimeshapata mlezi. Hebu hesabu. Vidonge vya mchanganyiko, yaani panadol na aspirini na kafeini ndani ya kidonge kimoja, ukivimeza siku 10 au zaidi kwa mwezi, mfululizo zaidi ya miezi mitatu, vyenyewe vinaanza kuleta kichwa. Panadol tupu au ibuprofeni ni siku 15. Mtu anaamka kichwa kinauma, anameza, kinatulia, kesho dawa imeisha mwilini kinadai tena. Nimewaona walimu, madereva, hata muuza dawa mmoja aliyekuwa anajihudumia mwenyewe dirishani kwake. Hakuna aliyeniamini siku ya kwanza.

Fanya hivi. Chukua lile daftari lako la madeni, geuza nyuma, chora safu: tarehe, kilianza saa ngapi, kilemba au panja, umekula saa ngapi, umelala saa ngapi, hedhi, vidonge vingapi. Uandike na mwezi ulivyo ukitaka, mimi sina ugomvi na mwezi. Baada ya wiki 8 nenda nalo kwa daktari. Daktari mwenye daftari mbele yake na daktari asiye nalo hawatibu sawa, nakwambia.

Vile vidonge vya kila siku uviache. Vya aina hiyo unaweza kuviacha kwa mara moja, ila uelewe: siku ya 2 mpaka ya 10 kichwa kitapanda kabla ya kushuka. Panga iangukie wiki ambayo huna mzigo.

Siku ya panja lenyewe, kosa la wengi ni kumeza kimoja kimoja kwa kuogopa. Meza mapema, maumivu yakiwa bado madogo, na kipimo kamili cha mtu mzima: ibuprofeni miligramu 400, au aspirini miligramu 900 (vile vya 300 vitatu, uviyeyushe kwenye maji), au panadol gramu 1. Chagua kimoja, usichanganye. Ibuprofeni na aspirini si za mwenye vidonda vya tumbo, wala mwenye pumu inayochokozwa nazo, wala mjamzito bila kuulizia. Tumbo likiwa limegoma, daktari anaweza kukuongezea metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, maana wakati wa kipandauso tumbo linalala na kidonge kinabaki pale pale. Zipo pia dawa za kipandauso chenyewe kama sumatriptani, hizo utazikuta maduka makubwa ya dawa, na mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia hapewi. Zozote utakazotumia, zisizidi siku 2 kwa wiki.

Kikija mara 4 au zaidi kwa mwezi, uliza dawa ya kuzuia. Propranololi, ambayo mwenye pumu hapewi. Au amitriptilini kidogo usiku, ambayo hata kichwa cha mkazo kikiwa sugu inakisaidia, inakausha mdomo na kuleta usingizi. Zote ni za zamani. Zinahitaji miezi miwili mitatu ndipo uzihukumu, na kupungua kwa nusu tunahesabu ni ushindi.

Swali la mwezi nakuachia mwenyewe na daftari lako. Nina jibu langu, lakini nataka ulione wewe.

Kitu cha mwisho, na hapa sitanii. Kuna kichwa ambacho ni mjumbe tu, ametumwa na ugonjwa mwingine. Kikikupiga kama radi, kikafika kileleni ndani ya dakika moja. Kikija na homa na shingo kukakamaa. Kikija na mkono au mguu kulegea, kuchanganyikiwa, degedege. Kikianza baada ya kuanguka na kugonga kichwa. Kikianza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50. Kikimpata mjamzito wa miezi mitano kwenda juu, hasa na macho kuona ukungu. Kikimpata mwenye VVU ambaye kinga imeshuka. Hao wote ni hospitali leo hii. Na homa Kigoma, Mwana_Bangwe yuko sahihi, unapima malaria kwanza. Unapima, lakini. Usikisie.

---

FundiIsevya (Tabora)

Tabibu shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho nikaona kichwa changu hukukitaja. Naomba nikiweke hapa, pengine kuna mwingine anateseka.

Mimi nachomelea mageti hapa Isevya. Kinakuja msimu, wiki 6 mpaka 8, halafu kinapotea mwaka mzima nakisahau. Kikiwa msimu kinakuja kila usiku saa saba, unaweza kurekebishia saa. Nyuma ya jicho la kulia. Si kuuma kwa kawaida, ni kama mtu ameshika nondo ya moto anasukuma kutoka ndani. Jicho linakuwa jekundu, machozi yanatoka jicho hilo hilo, kamasi tundu hilo hilo la pua, kope linaanguka. MamaSado analala gizani, mimi siwezi hata kukaa. Nazunguka uani na kaptula, napiga kichwa kwenye mwembe. Dakika 45, saa moja, kinazima kama taa. Mke wangu usiku wa kwanza alienda kumwamsha mzee wa msikiti.

Niling'olewa gego la juu kwa ajili ya hicho kichwa. Sehemu siitaji, lakini jino lilikuwa zima, nimelihifadhi. Usiku uliofuata saa saba kikaja kama kawaida, sasa kikakuta na pengo.

Baadaye nilikutana na daktari mmoja akaniuliza swali moja tu: "Ukinywa pombe wakati wa msimu inakuwaje?" Nikacheka. Tabora hapa wanzuki ndiyo yetu, na nilikuwa nimeshaona: kikombe kimoja, haifiki saa nzima, jicho hilo. Nje ya msimu nakunywa bila tabu. Akasema basi ni kichwa cha mafungu, kinakuja kwa mafungu, na wanaume tunakipata zaidi. Panadol haikioni kabisa, inakuta kimeshaondoka.

Kilichonisaidia ni oksijeni. Ndiyo, ile ya mtungi. Barakoa yenye mfuko, lita 12 kwa dakika, nakaa nimeinama mbele, dakika 15 kimekwisha. Naishi karibu na wenye mtungi, nashukuru Mungu, maana ile mashine ndogo ya kuchuja hewa ilijaribiwa kabla yake haikufikisha nguvu hiyo. Na msimu ukianza napewa verapamili ya kuzuia, kwanza wananipima umeme wa moyo. Na mimi ni fundi wa gesi, nyumbani nina mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, daktari akanionya kabla sijamuuliza: huo usiuguse, hauna kipimo chake wala barakoa yake, na nyumba yenye sigara na jiko la mkaa itaungua.

---

TabibuMstaafu (Kasulu)

Marahaba fundi. Nilikiacha kwa sababu katika kazi yangu yote nimekiona mara 2, na mara ya kwanza nami nilimwandikia mgonjwa dawa ya sainasi. Umekieleza sawa sawa. Kikipiga kifupi kuliko cha kwako ni dakika 15, kirefu ni saa 3, na kuna wanaopigwa hata mara 8 kwa siku. Watu wakiambiwa hivyo ndipo wanaelewa mwembe.

---

MamaSado (Kibirizi, Kigoma)

Fundi pole jamani, jino zima! Nimesoma nikashika shavu.

Tabibu nashukuru sana baba. Nimehesabu vidonge kwa kukumbuka maganda kwenye pochi, mwezi uliopita siku 22. Nimeona aibu. Nimeshachora safu. Swali moja: natumia vidonge vya majira, mwaka wa tatu. Vinahusika?

---

TabibuMstaafu (Kasulu)

Umefanya vizuri kuuliza, na mimi nilipaswa kukuuliza kabla. Vidonge vya majira vya kawaida vina vichocheo viwili, kimojawapo estrojeni. Mwanamke mwenye kipandauso chenye zile ishara za machoni hashauriwi kuvitumia, kwa sababu hatari ya kiharusi inapanda. Ni ndogo kwa umri wako, lakini ipo, na ya nini wakati njia nyingine zipo? Usiache leo ukabaki mikono mitupu. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango wiki hii, waambie neno kwa neno kuhusu meno ya msumeno, watakubadilishia: vijiti, sindano, kitanzi, hata vidonge visivyo na estrojeni vipo.

---

MamaSado (Kibirizi, Kigoma)

Nimerudi, ni wiki ya 9. Niliahidi daftari, naleta daftari.

Vijiti niliweka wiki ile ile. Vidonge vya mchanganyiko niliviacha siku ya kwanza ya mbalamwezi, na tabibu hukunidanganya: siku ya 4 nilimtuma mtoto dukani, akafika mlangoni nikamwita arudi. Siku ya 5 nililia. Siku ya 9 niliamka nikakaa kitandani najiuliza kuna nini leo, mbona kuna ukimya. Ilikuwa kichwa hakipo. Kilemba sasa kinakuja mara moja moja, siku za kugeuza mzigo mwingi, nakanda shingo kwa maji ya moto kinaachia.

Panja limekuja mara 5. Nasoma kama nilivyoandika. Mbili zimeanza siku 2 kabla ya hedhi. Mbili zimekuja wiki ya mapumziko: zote nililala mpaka saa tatu asubuhi, mimi ambaye siku zote nimeamka saa kumi, na chai nikanywa saa tano. Moja imekuja giza totoro, mwezi hata kucha haujaonekana, siku mitumbwi ilipochelewa nikakaa juani bila kula mpaka saa nane mchana. Kwa hiyo mwezi hauna kesi. Mwezi unanilaza tu muda mrefu kuliko nilivyozoea na kunichelewesha kula. Sasa hata mbalamwezi ikiwaka naamka kumi na moja na nusu, nakula muhogo wa jana, nikitaka kulala tena nalala mchana kidogo.

Ibuprofeni mbili za 200 kwenye miayo tu, nisisubiri msumeno wala panja: mara 3 kati ya 5 nilibaki na maumivu kidogo, nikaenda kazini. Daktari ameliangalia daftari, akasema tuanze propranololi, ana wiki mbili za kwanza za kunipima mapigo. Aliniuliza nani alinifundisha kuchora. Nikamwambia tabibu mmoja wa Kasulu ambaye sijawahi kumwona.

Mama mkwe amenuna kuhusu chale. Anasema za kwake zilimponya, ushahidi ni kwamba miaka 11 sasa hajaumwa panja. Juzi tunachambua dagaa nikamuuliza, mama, ulichanjwa ukiwa na miaka mingapi? Akasema alikuwa na ujauzito wa mume wangu, yaani miaka 25. Na hedhi ilikatika lini? Akahesabu kwa vidole, akasema alikuwa na 51. Sasa hivi ana 62.

Akanitazama, akasogeza ungo upande wake.

---

TabibuMstaafu (Kasulu)

Muache mama. Hamisha tu wembe.